Kumtengea Mtoto wa Selimundu Chumba cha Kusomea Nyumbani: Yaliyotufaa na Yaliyotugharimu

Mwanangu wa kwanza ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Naanza na hilo kwa sababu kila tulichokiamua juu ya chumba chake cha kusomea, tangu kiwe upande gani wa nyumba hadi meza iwe na kimo gani, kilitokana na maradhi hayo. Mzazi ambaye mwanawe ni mzima atachukua la kumfaa na kuacha mengine. Lakini mwenye mtoto kama wangu namwomba asome taratibu, maana yapo mambo hapa yaliyotutoa pesa na machozi, nami sipendi kuona mwenzangu akipita njia ileile.

Tunaishi Kisauni, Mombasa, katika nyumba ya familia ya mume wangu. Ina vyumba vitano, ukumbi wa kati, ua wa nyuma wenye mwarobaini mkubwa, na paa la mabati. Tumo mimi na mume wangu, watoto wetu wawili, mavyaa wangu, na shemeji yangu ambaye hajaoa. Mimi ni mshonaji, na cherehani yangu iko barazani.

Shule zilipofungwa nchi nzima Machi 2020 kwa ajili ya korona, mwanangu alikuwa Gredi ya 3. Mtaani kwetu ulikuwa msiba: watoto hawana pa kwenda, wazazi wamerudishwa nyumbani kutoka makazini. Na mimi kazi ilianguka, maana harusi zilisimama, na mshonaji wa Mombasa hula kwa harusi. Ila kwa mtoto nikaona jambo nililokuwa sijaliona tangu azaliwe. Mwezi ukapita hajashikwa na maumivu ya maradhi yake. Wa pili ukapita. Yeye aliyekuwa akilazwa karibu kila muhula, mwaka ukaisha wodini hatupajui. Nikadhani ni dawa zimemkubali, nikamshukuru Mungu nikanyamaza.

Januari 2021 madarasa yote yakarudi, naye akarudi, na kabla muhula haujaisha tulikuwa hospitali. Hapo ndipo aliponiambia, dripu iko mkononi, kwamba shuleni huwa hanywi maji. "Nikinywa nataka choo, mama. Nikiomba ruhusa sana mwalimu hukasirika, na wenzangu hunicheka."

Nilitoka nje ya wodi nikalia mpaka muuguzi akanifuata.

Kwa asiyejua: figo za mwenye selimundu aghalabu hushindwa kubana maji mwilini. Mkojo hutoka mwingi na mwepesi hata akiwa na kiu, kwa hivyo lazima anywe sana na lazima aende chooni sana. Akikosa maji, chembe zake za damu, zilizojipinda kama mundu, hukwama kwa wepesi zaidi kwenye mishipa midogo, na maumivu huanza. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa akichagua kati ya aibu na maumivu kila siku, na mimi sina habari. Mwalimu wake simlaumu sana, darasa lilikuwa limejaa pomoni. Lakini nilijua hatarudi kukaa pale kama zamani.

Kabla ya kugusa ukuta tulitaka kujua sheria inasemaje, na ninashauri kila mtu aanzie hapo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na imeweka adhabu kwa anayekaidi. Isitoshe, kuna hesabu ya mitihani. Katika matokeo ya mwisho wa Gredi ya 6, asilimia 40 ni ya mtihani wenyewe wa KPSEA. Asilimia 60 hutokana na tathmini zinazofanyiwa shuleni Gredi ya 4, ya 5 na ya 6, asilimia 20 kila mwaka. Mtoto akikatwa kabisa kwenye daftari la shule, alama hizo zitatoka wapi? Kwa hivyo hatukumtoa. Tulimhamishia shule ndogo iliyo karibu, tukakaa na mwalimu mkuu tukiwa na barua ya daktari, tukakubaliana kwa maandishi: mtoto abaki mwanafunzi wa shule ile, asomee nyumbani siku nyingi, na aende shuleni kwa tathmini, kwa kazi za mradi, na siku anazojisikia vizuri. Tulitoa nakala tatu: moja ya shule, moja ya kwetu, moja kwenye faili lake la kliniki. Karatasi hiyo ilitusaidia kuliko kitu chochote tulichonunua.

Sasa chumba.

Tulianza kusomea kitandani, kisha kwenye meza ya chakula ukumbini. Haikufaa. Ukumbi wa nyumba ya familia ni njia ya kila mtu. Shemeji anatoka kazini zamu ya usiku anataka chai, jirani amekuja kuazima mwiko, wateja wangu wanapiga hodi. Mtoto husoma mstari mmoja, anainua kichwa, anaanza tena. Na kila saa sita mchana lazima vitabu vyote viondolewe meza iandikwe chakula. Ukitaka kujua kama unahitaji chumba maalumu au hauhitaji, angalia hilo tu: mara ngapi kwa siku masomo yanaondoka kupisha mambo mengine.

Mume wangu akasema tuchukue chumba cha mbele, cha wageni. Kilikuwa kikubwa, cheupe, na madirisha mawili yanatazama barabara. Ukikiona unaona darasa. Nami nilikuwa na picha ya darasa kichwani: ubao, chati za rangi ukuta mzima, ramani ya Kenya, rafu, na mtoto wangu katikati. Shida ya chumba kile ilikuwa jua. Madirisha yanatazama magharibi, na juu ni mabati matupu bila dari. Mwezi wa Februari na Machi, Mombasa ikiwa kwenye nyuzi 32 na 33, kufika saa nane mchana huwezi kukaa mle. Tukaona dawa ni kiyoyozi. Tulipata cha mtumba, pamoja na kufungiwa kikatugharimu shilingi 28,000. Ndizo pesa za zamu yangu ya chama cha kuchangiana, zote.

Wiki za mwanzo alifurahi. Halafu akashikwa, miguu na mgongo, tukalazwa. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa baridi ile peke yake. Lakini daktari aliuliza habari za nyumbani mpaka akafika kwenye kiyoyozi, akatwambia: kutoka joto kali kuingia baridi ya ghafla, tena upepo ukimpiga mwilini ana jasho, ni katika mambo yanayochochea maumivu. Mtu angetwambia hivyo kabla tungebaki na pesa zetu. Tulikiuza kwa 15,000. Na tokeni za stima za miezi ile sizihesabu.

Basi tukaanza upya, na safari hii nilikaa na daftari nikaandika mwili wa mtoto wangu unataka nini, kabla ya kufikiria chumba. Choo karibu, asiombe ruhusa kwa mtu wala kupita mbele ya watu. Maji karibu. Pasiwe na joto la kumkausha wala baridi ya kumshtua. Mbu asiingie, maana malaria kwa mtoto huyu ni hatari kubwa. Vumbi liwe kidogo, kwa ajili ya kifua. Mahali pa kulala akichoka. Nilipomaliza kuandika, chumba cha mbele hakikuwa na hata moja. Chumba kilichokuwa nayo karibu yote kilikuwa stoo ya nyuma: kidogo, kimepakana na bafu, na mwarobaini umekifunika kwa kivuli tangu adhuhuri.

Stoo ilikuwa ya mavyaa wangu. Mlikuwa na masufuria makubwa ya shughuli, mikeka, mapipa, na sanduku la marehemu mumewe. Haikuwa rahisi kumwendea. Yeye hakuwa ameridhika tangu mwanzo na habari ya mtoto kusomea nyumbani. Aliniambia waziwazi, "Mwanangu, mtoto hufunzwa na watu wengi. Mkimfungia ndani ataogopa dunia." Nilimjibu kwa adabu lakini moyoni niliumia, kwa sababu nilikuwa nikiogopa jambo lilelile. Aliyemkubalisha hatimaye ni mjukuu wake, alipomweleza habari ya kuomba ruhusa ya choo. Bibi huyu alinyamaza, kisha akamwita shemeji yangu aje kutoa masufuria. Kwa wanaoishi nyumba za familia: msimalize mambo ya chumba baina ya mke na mume mkaja kuwaarifu wakubwa. Waketisheni, mtoto awepo, wasikie sababu kwake mwenyewe.

Kazi kubwa ilikuwa dari. Mabati yakipigwa na jua huachilia joto moja kwa moja juu ya vichwa. Fundi aliweka dari ya bodi, na kati ya dari na mabati tukaacha nafasi yenye matundu pande mbili ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Ukiziba kila mahali, joto hubaki pale juu mpaka usiku. Dari na ufundi vilikula shilingi 16,500. Kama pesa ni kidogo na nyumba yako ni ya mabati, weka hapo kwanza, mambo mengine yatasubiri.

La pili ni dirisha. Stoo ilikuwa na kidirisha kimoja upande wa kusini. Pwani upepo wa Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na Kaskazi huanza kuja mwisho wa mwaka hadi Machi, ukitokea kaskazini mashariki. Dirisha moja la kusini lingetupa hewa miezi ya Kusi tu, na kutuacha miezi ya joto kali. Tukafungua jingine ukuta wa mashariki, na juu ya mlango tukatoboa matundu ya hewa, kwa sababu upepo hauingii mahali pasipo na njia ya kutokea. Madirisha yote mawili yana wavu wa mbu. Fahamu kwamba wavu hupunguza upepo, kwa hivyo dirisha lenye wavu lifanye kubwa kuliko unavyodhani. Dirisha, fremu na wavu, 9,000. Feni ya ukutani 3,800, nayo tuliielekeza kwenye ukuta, hewa izunguke bila kumpuliza yeye. Siku za Kusi, Juni na Julai, asubuhi huwa na baridi kidogo. Huvaa sweta na dirisha la kusini hufungwa mpaka jua lipande.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, na anayezijua nyumba za hivi anajua zinavyotoa unyevu na chumvi, hasa mvua za Aprili na Mei. Fundi wa rangi alitaka kupaka rangi ya mafuta, akisema inasafishika. Mavyaa wangu ndiye aliyekataa. Alisema rangi ya mafuta kwenye jiwe la pwani hubanduka mwaka hauishi, pakeni chokaa. Alisema kweli. Chokaa huacha ukuta uvute na kutoa unyevu, na ikichakaa unapaka tena kwa pesa kidogo. Chokaa na brashi zilikuwa 1,900. Vitabu navyo visigusane na ukuta. Rafu yetu iko mbali na ukuta kwa upana wa vidole vitatu, na miguu yake imesimama juu ya vipande vya matofali ili nimuone mchwa akianza kujenga. Masika yakiisha, vitabu vyote hutoka uani kuota jua la asubuhi. Siku ile watoto huipenda kuliko Idi.

Seremala alitaka kutengeneza meza ya inchi 30, kama meza zake zote. Nilimkatalia. Mtoto akikaa kwenye kiti, nyayo zake zinafaa kukanyaga sakafu zote, magoti yapinde sawa, na meza imfike kwenye kiwiko. Watoto wengi wa selimundu ni wafupi kuliko umri wao, na wangu alikuwa na sentimita 126 hivi. Tukafanya meza ya inchi 23 na kiti cha inchi 14. Akikaa meza ndefu, mabega hupanda, mgongo hujikunja, na mgongo wake na nyonga tayari vinamuuma kwa maradhi. Miguu ya meza ina vipande vya kuongezea, tumeshaongeza. Kiti nilikishonea mto wa sponji kwa kipande cha leso. Meza na kiti 5,500, rafu 3,000.

Mwanangu ana shoto. Vitabu vya ushauri husema mwanga utoke kushoto, lakini hiyo ni kwa anayeandikia mkono wa kulia. Kwa mwenye shoto mwanga wa kushoto huangusha kivuli cha mkono juu ya mstari anaouandika. Yeye dirisha liko kuliani kwake. Kwa siku za stima kupotea tuna taa ya kuchaji ya 1,800.

Chaki tuliiacha kwa sababu ya vumbi, tuna ubao mweupe wa kalamu. Na zile chati nilizokuwa na hamu nazo nilizibandika zote wiki ya kwanza, ukuta wote, na baada ya siku chache niliona macho yake yanazunguka huku kalamu imesimama. Sasa ukuta anaoutazama ni mtupu. Ukuta wa nyuma una ramani na kazi zake mwenyewe, zinabadilishwa kila mwezi.

Maji yamo ndani ya chumba, kwenye mtungi wa udongo wenye kifuniko. Yanakuwa ya ubaridi wa kiasi, hayakati meno kama ya friji. Chupa yake ina alama za wino: hapa kabla ya mapumziko, hapa kabla ya adhana ya adhuhuri. Choo ni hatua chache, naye huenda bila kusema neno. Mwezi wa kwanza alikuwa bado ananiangalia usoni kabla ya kuinuka. Nilimwambia kila mara, "Nenda baba, huombi." Ilichukua muda mrefu kuisha tabia ile, na kila nikiiona nilikuwa nikipata uchungu upya.

Kwenye kona kuna godoro dogo la 2,500, na juu yake kipimajoto kimetundikwa kwenye msumari, si cha kutafutwa kabatini. Hili lisikilizwe: mtoto wa selimundu akiwa na homa, nyuzi 38 kwenda juu, ni hospitali mara hiyo hiyo, usiku au mchana. Msingoje aamke vizuri. Siku za uchovu bila homa husomea palepale godoroni, kwa kusikiliza. Nyanya yake humtegea vitendawili na kumsimulia hadithi, naye baadaye huziandika, na ndio Kiswahili chake kikanyooka. Siku za maumivu hatusomi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikijaribu, kwa hofu kwamba ataachwa nyuma, na nilichovuna ni mtoto kuanza kuficha maumivu yake, kama alivyokuwa akificha kiu. Ukiona hivyo simama.

Masomo huanza saa mbili kamili asubuhi. Kidonge chake cha foliki, maji, kisha Hisabati kwanza, wakati kichwa ni chepesi na chumba bado kina ubaridi. Adhana ya adhuhuri ndiyo kengele yetu ya kumalizia. Mimi namfundisha Kiingereza, Kiswahili na kazi za mikono. Hisabati na Sayansi nilipojaribu niliona namkosea haki. Jirani yetu mmoja ni mwalimu mstaafu. Nilimwendea nikiwa na haya, nikamwambia Mwalimu, siwezi kukulipa mshahara wa shule. Tukakubaliana asubuhi mbili kwa wiki, nami nashonea nyumba yake yote nguo za sikukuu. Vitabu tulinunua vile vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, vilevile vinavyotumika shuleni kwake, ili siku akienda asikute wenzake wako ukurasa usiojulikana. Vya ziada tunavipata kwenye maktaba ya mtandaoni ya KICD, tunavipakua usiku mara moja kwa wiki.

Kwa wateja wangu na watu wa nyumbani, leso nyekundu ikiwa imetundikwa mlangoni, masomo yanaendelea na mama hayuko barazani. Nilipoteza wateja wawili watatu walioona ninaringa. Waliobaki walizoea. Binti yangu ndiye aliyekuwa mgumu, alikuwa na miaka mitano na hakuelewa kwa nini kaka ana chumba na mama wakati mmoja. Alikaa nje ya mlango akilia. Nikampa mkeka wake ndani, nusu saa ya kwanza ni ya wote wawili, kusoma kwa sauti na kuimba hesabu, kisha nyanya yake humchukua. Msimdharau mdogo mwenye afya. Nyumba yenye mtoto mgonjwa humsahau yule mzima bila kukusudia.

Gharama zote za stoo zilifika 44,000. Ongeza hasara ya kiyoyozi, 13,000. Tulizitoa kidogokidogo, mwaka karibu mzima, na chumba kilianza kutumika kabla ya rafu na kabla ya ubao. Hilo halikudhuru kitu.

Ambalo sikulipatia dawa kwa pesa ni upweke. Mavyaa wangu hakukosea. Mwanangu alifika mahali akawa anajua kelele za mapumziko za shule ya mtaa wa pili ni saa ngapi, na huacha kalamu asikilize. Siku moja aliniuliza kama marafiki zake wanamkumbuka. Chuoni, yaani madrasa, anakwenda alasiri, ustadhi wake anajua habari ya maji na choo, na kule ndiko alikopata wenzake wa kucheza nao. Jumamosi watoto wawili watatu huja kufanya kazi za mradi uani, chini ya mwarobaini. Imesaidia, haijatosha. Mzazi anayefikiria njia hii atafute watoto wa kukaa na mwanawe kwa bidii ileile anayomtafutia fundi, na aanze mapema kuliko nilivyoanza mimi.

Kushikwa hakukuisha, ugonjwa upo. Lakini kumepungua sana, na mwaka 2023 aliufanya mtihani wake wa Gredi ya 6 shuleni, pamoja na darasa lake, chupa ya maji iko mezani. Tangu Gredi ya 7 masomo ya vitendo yamekuwa mengi na walimu ni tofauti kwa kila somo, chumba cha nyumbani hakitoshi. Kwa hivyo sasa huenda shule siku zaidi, na stoo hubaki ya asubuhi za kusomea nyumbani na za kupona.

Jambo moja wazazi huniuliza ni kama lazima mtoto atolewe darasani. Kwa wengine si lazima. Kabla ya kuita fundi, nendeni kliniki mkamwombe daktari aandike barua yenye mambo haya kwa majina yake: mtoto awe na chupa ya maji mezani muda wote; aende chooni bila kuomba ruhusa; asisimamishwe juani gwaride la asubuhi; asiadhibiwe kwa kukimbizwa wala kumwagiwa maji; akipata homa mzazi apigiwe simu mara moja. Mpelekeeni mwalimu mkuu wenyewe, msimtume mtoto. Mwombeni aisome mbele ya walimu wote wa darasa lile, na kila Januari, walimu wakibadilika, ipelekeni tena.